Kisiwa Huchaguliwa Kuanzia Hospitali

Mtu anayetaka kwenda likizo ya kupiga mbizi katika visiwa vya Karibi hakosi washauri. Wapo watakaomsifia Bonaire kwa utulivu wa maji yake, wengine Cozumel kwa mikondo inayombeba mpiga mbizi pasipo yeye kuchoka, wengine Little Cayman kwa ukuta wa matumbawe unaoporomoka hadi gizani, na wengine Roatán kwa sababu gharama zake ni nafuu. Watamweleza rangi ya maji, ukubwa wa kasa na umbali wa hoteli kutoka gatini. Ni nadra kumsikia yeyote akitaja jambo ambalo, kwa jicho la kitabibu, lilipaswa kuwa la kwanza: iwapo mgeni huyo atatoka majini akiwa na ganzi miguuni alasiri ya Jumapili, ni saa ngapi zitapita kabla hajaingizwa katika chumba cha mgandamizo chenye mtaalamu wa kukiendesha?

Swali hilo linastahili kutangulia mengine yote, kwa kuwa ndilo pekee ambalo jibu lake halifai kutafutwa baada ya ajali. Hoteli mbaya huhamwa, mvua husubiriwa ikatike, na kiongozi wa mbizi asiyefaa huachwa kesho yake. Uti wa mgongo ulioumia hausubiri. Kusema hivi si kuwatia watu hofu, kwa maana wengi mno kati ya wanaopiga mbizi kwa mtungi wa hewa hurejea makwao salama na wenye furaha. Hata hivyo, kisiwa huchaguliwa miezi kadhaa kabla ya safari, mtu akiwa ameketi na akili yake imetulia, na huo ndio wakati ambapo uamuzi wa kitabibu unaweza kufanywa bila pupa.

Huenda mhudumu wa afya aliyeko Dodoma au Mombasa akajiuliza Karibi inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu mbili. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani na Kanada wana visiwa hivyo karibu kuliko walivyo na Mafia au Pemba, na wanapotaka ushauri wa mtu wanayemwamini huwapigia simu ndugu zao waliosomea tiba nyumbani. Tena, fiziolojia ni ile ile. Anayeelewa jinsi ya kumchagulia mgonjwa wake kisiwa cha Karibi atakuwa amekwisha kuelewa la kumwambia mgeni aliyefika kwake kutoka kwenye boti ya Nungwi au Diani.

Kila mita 10 za maji ya bahari humwongezea mpiga mbizi mgandamizo ulio sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya uso wa dunia. Akiwa mita 10 chini, mgandamizo ni maradufu. Akiwa mita 30, ni mara nne. Hewa anayovuta kutoka kwenye mtungi humfikia kwa mgandamizo huo huo, na naitrojeni iliyomo, ambayo mwili hauna matumizi nayo, huyeyuka katika damu, mafuta na mishipa ya fahamu. Akipanda taratibu, naitrojeni hutoka kupitia mapafu, pumzi baada ya pumzi. Akipanda kwa haraka, au akiwa amekaa chini kupita kiasi, hutoka kama gesi ya soda iliyofunguliwa kwa pupa: viputo hujitokeza ndani ya viungo, chini ya ngozi, katika sikio la ndani, na penye hatari zaidi, katika uti wa mgongo na ubongo.

Ugonjwa huu ulijulikana kabla ya watu kuanza kupiga mbizi kwa starehe. Mhandisi Washington Roebling, aliyesimamia ujenzi wa daraja la Brooklyn jijini New York, uliharibu afya yake mwaka 1872 kutokana na kushuka mara kwa mara katika makasha ya hewa iliyogandamizwa chini ya mto. Mwaka 1908 John Scott Haldane na wenzake nchini Uingereza walichapisha kanuni za kupanda kwa hatua baada ya kuwajaribu mbuzi. Mbuzi hao wamewafaa wanadamu kuliko wanavyokumbukwa.

Madhara mengine huja kwa kasi zaidi nayo hayahitaji kina kirefu. Mapafu yaliyojaa hewa mita 10 chini, mtu akibana pumzi na kupanda, hutaka kuwa na ujazo maradufu anapofika juu. Yakipasuka, hewa huweza kuingia katika damu na kufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Kwa yote mawili, huduma ya kwanza ni oksijeni safi, mgonjwa akiwa amelala chali, na tiba ya msingi ni kumrudisha katika mgandamizo ndani ya chumba maalumu, akivuta oksijeni, mara nyingi kwa mgandamizo unaolingana na wa mita 18 za maji, kwa muda wa saa kadhaa. Kumrudisha baharini ili “viputo vishuke” ni jambo ambalo mtu asiye na ujuzi na vifaa vyake hapaswi kulijaribu.

Kwa kipimo hicho, ramani ya Karibi inabadilika sura. Grand Cayman, kinachodharauliwa na wapiga mbizi wazoefu kwa wingi wa meli za kitalii, kwa miaka mingi kimekuwa na chumba cha mgandamizo katika mji mkuu wa George Town. Little Cayman, kisiwa dada chenye wakazi wachache mno, kina ukuta wa Bloody Bay, mojawapo ya kuta zinazosifiwa kuliko zote katika bahari hiyo: huanzia mita chache tu chini ya uso wa maji, kisha hushuka mamia ya mita. Ukuta wa namna hiyo hauna sakafu ya kumzuia mtu asiyetazama kipimo chake. Atakayezidisha kina pale atalazimika kuvuka zaidi ya kilomita 100 za bahari ili kukifikia chumba kilicho Grand Cayman, tena kwa ndege inayoruka chini sana au yenye mgandamizo wa usawa wa bahari, kwa kuwa kupanda angani hukuza viputo vile vile vinavyokusudiwa kupunguzwa. Wanaoviona visiwa hivi viwili kuwa mahali pamoja kwa sababu bendera yao ni moja wanajidanganya.

Bonaire, kilicho karibu na pwani ya Venezuela na chini ya himaya ya Uholanzi, kina chumba cha mgandamizo katika mji wake wa Kralendijk, na bahari yake imehifadhiwa tangu mwaka 1979, kuanzia ufukweni hadi kina cha mita 60. Kando ya barabara kuna mawe ya manjano yaliyoandikwa majina ya sehemu za kuzama. Mgeni hukodi gari, hupakia mitungi, husimama anapopenda na kuingia majini kwa miguu yake. Uhuru huo ndio uzuri wa Bonaire, na ndio pia hatari yake. Hapana nahodha wa kusema imetosha. Mtu huweza kuzama mara nne au tano kwa siku, siku sita mfululizo, kila mara ndani ya mipaka ya kompyuta yake ya mkononi, huku naitrojeni ikijilimbikiza, maji ya mwili yakipungua kwa jua, na usingizi ukiwa haba. Zaidi ya hayo, kutembea juu ya mawe makali na yanayoteleza, mgongoni umebeba mtungi na mkanda wa risasi, ni kazi nzito kwa moyo wa mtu wa miaka 60 ambaye kwa miezi 11 ya mwaka hupanda lifti. Mwenye maradhi ya moyo yaliyodhibitiwa, akiwa ameruhusiwa na daktari wake, anaweza kustareheka zaidi mahali ambapo boti humshusha na kumpandisha.

Cozumel nchini Meksiko kina zaidi ya chumba kimoja, na kwa hesabu ya hospitali kinashika nafasi ya juu. Tatizo lake ni mkondo. Mpiga mbizi huachiliwa upande mmoja na boti humfuata hadi atokeze upande mwingine. Aliyejifunza katika bwawa la kuogelea mwezi uliopita anaweza kujikuta ametengana na wenzake, anapumua kwa kasi na mtungi unaisha. Hofu humfanya apande haraka, na hapo ndipo mapafu huumia.

Saba, mlima wa volkano uliosimama peke yake baharini, una tatizo lisilofikiriwa na wengi. Kilele chake kina zaidi ya mita 800, na mgeni aliyepiga mbizi asubuhi hushawishika kuupanda mlima alasiri. Huko juu hewa ni nyepesi, na mwili uliobeba naitrojeni hauoni tofauti kubwa kati ya mlima na ndege. Mlima upandwe siku ya kwanza, kabla ya mtungi wa kwanza, au siku ya mwisho baada ya mapumziko. Blue Hole ya Belize, shimo la mviringo lenye kina cha zaidi ya mita 120, iko takribani kilomita 70 kutoka nchi kavu. Ili kuyaona mawe yanayoning’inia ndani yake, wageni hushushwa hadi karibu mita 40, ukomo wa juu kabisa wa mbizi za starehe. Mwenye cheti cha mita 18 hana shughuli huko, hata kama amekwisha kulipa. Na Jardines de la Reina, mbali na pwani ya kusini ya Kuba, hutembelewa kwa kulala ndani ya meli siku kadhaa. Papa wake ni wengi na matumbawe yake yanasifiwa. Panafaa watu wenye uzoefu, afya kamili na bima iliyosomwa hadi ukurasa wa mwisho, na si mahali pa mtu kwenda kujifunza.

Roatán hakina budi kuzungumzwa kwa kirefu. Ni kisiwa cha Honduras, kina matumbawe karibu kabisa na ufuo, bei nafuu, shule nyingi za mbizi, na chumba cha mgandamizo. Vijana wengi wa Ulaya na Marekani hupata vyeti vyao hapo. Lakini mashariki zaidi, katika pwani ya Moskitia inayogawanywa na Honduras na Nikaragua, watu wa jamii ya Wamiskito hupiga mbizi kwa mitungi ya aina ile ile wakiwatafuta kambakoche. Hulipwa kwa uzito wa wanachovua. Kwa kuwa kambakoche wa maji mafupi wamepungua, wavuvi wamelazimika kushuka zaidi na zaidi, mitungi mingi kwa siku, mara nyingi bila kipimo cha kina wala cha hewa iliyobaki, na kupanda haraka hewa inapokatika. Mamia wamepooza. Sehemu kubwa ya kambakoche hao huuzwa Marekani.

Agosti 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitoa hukumu katika shauri la wapiga mbizi wa Kimiskito dhidi ya Honduras, lililowahusu waathirika 42. Serikali ilikubali wajibu wake na mahakama ikaidhinisha makubaliano yaliyotaja, pamoja na fidia, huduma za afya kwa walioumia. Kwa miaka mingi baadhi ya wavuvi hao wametibiwa katika vyumba vya mgandamizo vya La Ceiba na Roatán. Mtalii anayepata ganzi mkononi anaweza kufikishwa ndani ya saa moja au mbili. Mvuvi hufika baada ya siku kadhaa, kwa kuwa boti haigeuzi njia kabla ya kujaza barafu yake. Bahari ni moja, viputo ni vile vile, na chumba kinaweza kuwa hicho hicho. Tofauti ya anayetembea na asiyetembea hutokana na saa zilizopita kati ya maji na mlango wa chumba. Hakuna kitabu cha tiba kinachoeleza umuhimu wa muda kwa uwazi kuliko wanaume wanaokaa kwenye viti vya magurudumu katika vijiji vya mchanga vya Moskitia.

Wapo watakaosema kuwa mtalii hakwenda Honduras kusuluhisha migogoro ya kazi, na kwamba kumkumbusha wavuvi waliopooza ni kumharibia likizo. Pingamizi hilo lina uzito kidogo, ila linasahau jambo la kitaalamu. Chumba cha mgandamizo kinachotibu wenyeji ndicho ambacho watumishi wake hawasahau kazi. Mashine inayofunguliwa mara mbili kwa mwaka kwa ajili ya wageni matajiri huendeshwa na mtu anayesoma mwongozo huku mgonjwa akingoja. Kwa hiyo kumuuliza mwenye kituo cha mbizi, “Je, wavuvi wa hapa wakiumia hutibiwa katika chumba hicho, na nani hulipa?” ni swali la huruma na ni swali la ubora wa huduma kwa pamoja. Jibu la kusitasita linatosha kumfanya mtu aangalie kisiwa kingine. Na mezani jioni, si ufidhuli kuuliza kama kambakoche aliyeko sahanini alinaswa kwa mtego au alifuatwa na mtu chini ya maji.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakuwa ameshawakumbuka wanaotafuta majongoo bahari kwa mitungi katika Bahari ya Hindi. Wao pia hulipwa kwa wanachokitoa, nao pia hurudi nyumbani wakisema miguu “imekufa ganzi kwa baridi”. Mhudumu wa zahanati anayeandika “maumivu ya misuli” na kutoa dawa ya maumivu katika hali hiyo hajakosa dawa tu. Amekosa swali moja la historia ya mgonjwa.

Baada ya kisiwa, unafuata mwili. Shule nyingi za mbizi humpa mgeni dodoso la afya, na akijibu “ndiyo” katika baadhi ya vipengele hutakiwa alete saini ya daktari. Hapa kuna udhaifu ambao taaluma ya tiba haina budi kuukiri: saini hiyo mara nyingi hutolewa kama hisani. Jirani analeta karatasi, anaonekana mzima, safari imeshalipiwa, kalamu iko mezani. Daktari ambaye asingethubutu kuandika ruhusa ya kuendesha basi la abiria kwa mtu mwenye kifafa huiandika ruhusa ya kwenda mita 18 chini ya maji bila kumwinua mgonjwa kitini.

Pumu si kizuizi kwa kila mtu, lakini pumu inayochochewa na baridi, mazoezi au hofu haipatani na bahari, kwa sababu vyote vitatu vipo huko; na hata iliyotulia huhitaji kipimo cha nguvu ya mapafu kabla na baada ya mazoezi. Aliyewahi kupata hewa katika utando wa mapafu bila kuumizwa kwa kawaida hushauriwa asipige mbizi kabisa. Kifua kikuu, hata kilichopona miaka mingi iliyopita, kinaweza kuacha mashimo au makovu yanayonasa hewa. Hilo ni swali ambalo daktari wa Afrika Mashariki analazimika kuliuliza hata fomu isipolitaja, na picha ya kifua ni bei ndogo kwa jibu. Mwenye selimundu asiingizwe katika baridi, upungufu wa maji na upungufu wa oksijeni kwa ajili ya starehe. Kifafa na ujauzito ni sababu za kuahirisha. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anahitaji mpango ulioandikwa, maana dalili za sukari kushuka zinafanana na mengi yanayotokea majini.

La shinikizo la damu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Vifo vingi vya wapiga mbizi wa umri wa makamo huanzia moyoni, na viputo havihusiki. Mwili ukizama, damu ya miguuni hukimbilia kifuani na moyo hufanya kazi ya ziada; baridi hubana mishipa; wengine hujaa maji mapafuni wakiwa bado wanaogelea. Mtu wa zaidi ya miaka 45 mwenye shinikizo la damu, kitambi na baba aliyekufa kwa moyo anastahili kupimwa akitembea kwenye mashine kabla ya kupelekwa Bonaire au popote. Dawa anazotumia nazo ziangaliwe, kwa kuwa baadhi hupunguza uwezo wa moyo kuitikia kazi ya ghafla. Zaidi ya hapo, takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne ana tundu dogo lililosalia tangu utotoni kati ya vyumba vya juu vya moyo, na viputo huweza kupenya hapo bila kuchujwa na mapafu. Si lazima kila mtu achunguzwe kwa hilo; lakini aliyewahi kupatwa na ugonjwa wa wapiga mbizi bila kosa lolote la kina au mwendo, achunguzwe.

Mengine yasemwe kwa ufupi. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na bei hupungua sana kipindi hicho kwa sababu inayoeleweka. Kimbunga Maria kiliiharibu Dominica Septemba 2017, na Beryl kikapiga Carriacou, kisiwa cha Grenada, mwanzoni mwa Julai 2024. Umeme ukikatika kisiwa kizima, chumba cha mgandamizo nacho kinaweza kusimama. Aruba, Bonaire na Curaçao viko kusini ya njia ya kawaida ya vimbunga, ingawa havina kinga kamili. Anayesafiri akitokea Tanzania au Kenya aandae cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho visiwa vingi hukidai, na achanjwe angalau siku 10 kabla. Malaria ipo Haiti na Jamhuri ya Dominika. Mpiga mbizi asipewe meflokwini kama kinga, kwa kuwa kizunguzungu na wasiwasi unaoweza kuletwa na dawa hiyo huchanganyikana na dalili za viputo. Dengi ni ya kuogopwa zaidi kuliko malaria katika visiwa vingi. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi huuacha nje uzamiaji wa mtungi, na tiba ya chumbani pamoja na ndege ya wagonjwa hufikia maelfu ya dola. Ipo bima mahususi ya wapiga mbizi, nayo inunuliwe kabla ya tiketi.

Kuhusu matumbawe yenyewe, ambayo wengi wangependa yaanze, ukweli ni kwamba hayako kama yalivyo katika picha za zamani. Ugonjwa unaoyala matumbawe magumu, ulioonekana kwanza Florida mwaka 2014, umesambaa kisiwa baada ya kisiwa, ukafika Cayman mwaka 2020 na Bonaire mwaka 2023, na joto la bahari la mwaka huo 2023 lilipausha miamba mingi. Kisiwa kinachosifiwa na mtu aliyekwenda miaka 15 iliyopita huenda kisimpe mgeni kile alichosimuliwa. Hii ni sababu nyingine ya kutolipia kina kirefu na safari ya mbali kwa ahadi ya uzuri: maji ya mita 10 hadi 15 huwa na mwanga zaidi, rangi zaidi, na muda mrefu zaidi kabla naitrojeni haijawa deni. Mgeni mmoja wa kuangaliwa ni samaki mwenye mapezi yaliyochanua na miiba yenye sumu, ambaye asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki na wavuvi wa Zanzibar wanamfahamu. Karibi hana adui wa kutosha, na mbizi nyingi za huko sasa ni za kumwinda. Akimchoma mtu, sehemu iliyochomwa itumbukizwe katika maji ya moto yanayovumilika, takribani nyuzi 45, kwa nusu saa au zaidi, na maji hayo yajaribiwe kwanza kwa mkono usioumia.

Kabla ya kulipa, basi, mgonjwa apige simu. Aulize kituo cha mbizi kama boti ina oksijeni safi ya kutosha hadi ifike bandarini, na nani aliyefunzwa kuitoa. Aulize chumba cha mgandamizo kiko wapi, kama kinafanya kazi wiki hii, na kama kina mtumishi usiku. Asiridhike na kuambiwa kuwa “kipo”. Vyumba hufungwa kwa kukosa kipuri au daktari, na orodha za mwaka jana hazitibu mtu. Apige pia simu hospitalini kwenyewe. Dakika 20 za simu ya ng’ambo ni nafuu kuliko mtungi mmoja.

Siku ya kurudi nayo ihesabiwe mapema. Baada ya mbizi za siku kadhaa, miongozo inataka angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na mwenye busara huacha saa 24, kwa kuwa hewa ndani ya ndege inaweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400. Hata hivyo, wapo watakaotua Toronto au Dar es Salaam wakiwa na ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au maumivu ya bega yasiyoongezeka wanaposhikwa. Wengi watakana, kwa aibu au kwa kutotaka kuharibu kumbukumbu ya safari. Mhudumu anayempokea amuulize lini alitoka majini mara ya mwisho, amwekee oksijeni kwa barakoa yenye mfuko kwa kiwango cha juu kabisa, ampime nguvu na hisia za miguu na uwezo wa kukojoa, ampe maji, kisha amtafute kwa simu daktari wa tiba ya mgandamizo kabla ya kumpa rufaa ya picha ya mgongo. Oksijeni ikimpa nafuu, asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu hiyo peke yake. Dalili zinaweza kurudi barakoa ikitolewa.